Maneno ya Kuamua Niliyojifunza Wodini

Ninyi mnaokariri Kiingereza kwenye simu mkiwa mmelala chali, inukeni mkae. Maneno nitakayowaeleza hayasomwi chali. Mimi niliyajua nikiwa nimesimama na fagio mkononi, kati ya daktari aliyejua Kiingereza tu na mgonjwa aliyejua Kisukuma tu, na mgonjwa ananikazia macho kama vile mimi ndiye niliyemletea ugonjwa.

Naitwa Mama Kulwa. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya upande huu wa ziwa, tangu nikiwa msichana hadi walipoanza kuniita bibi mle mle kazini. Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupiga deki, kutandika vitanda, kugawa uji na kuwaogesha wasioweza kuoga. Hakuna aliyeniajiri kutafsiri. Ila daktari akifika kitandani na kumkuta mgonjwa anatoa macho, aligeuka kutafuta mtu, na mtu aliyekuwa karibu ni mwenye fagio.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Pendo ameyaingiza kwenye kompyuta, na maneno ya Kiingereza ameyaandika yeye kwa herufi zake. Mengine nimemkataza kuyagusa.

Pendo ndiye chanzo. Anasoma chuo huko Nyegezi, na tunaishi wawili hapa Mkuyuni, juu mlimani kwenye mawe. Asubuhi anashuka, nabaki na redio za majirani. Hizo zote nazijua, nani anasikiliza mahubiri, nani mpira. Jioni anapanda, anakula, anashika simu. Basi jioni moja alikuwa anazunguka sebuleni akiimba maneno ya mtihani: "decide, make a decision, consider, hesitate." Nikamwambia hiyo ya mwisho anaitamka kama aliyeng'atwa na nyigu. Akasimama.

"Bibi, unaijua hesitate?"

"Naijua hadi kwao."

"Haya, ina maana gani?"

"Ni mgonjwa anayeuliza daktari ana watoto wangapi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke. Nyumba hii haicheki kila siku.

Lakini nilimjibu kweli, na ninyi nitawaeleza. Mtu akiambiwa lazima apasuliwe, msikilize anachouliza baadaye. Aliyekwisha kukata shauri huuliza mambo ya tumbo: nitakula lini, uji nitaruhusiwa, chumvi je? Ambaye hajakata shauri huuliza mambo ya daktari: ametoka wapi, ameoa, mkewe anampikia nini, mbona amekonda hivi. Huyo ndiye "hesitate". Huyo humkimbizi. Unamwekea chai na kumwambia daktari ana watoto wanne, hata kama hujui, kisha unarudi baadaye. Nimewaona manesi wazuri kabisa wakimfokea mtu wa namna hiyo kwamba anapoteza muda. Hapotezi. Yuko njiani, ila anatembea polepole.

Aliyenifundisha ni Sista Koku. Alikuwa msimamizi wa wodi yetu, Mhaya wa Muleba, mwanamke mfupi aliyetembea kama anakwenda kumkamata mwizi. Mchana, wagonjwa wakilala, tulikaa nyuma kwenye baraza tukikunja bandeji, na hapo ndipo alinipa neno. Hakunipa mengi kwa mara moja.

"Wewe Msukuma," aliniambia, "kichwa chako kimejaa ng'ombe. Sogeza mmoja tu, neno lipate pa kukaa."

"Sista, na chako kimejaa ndizi. Leo zimeiva, au nirudi kesho?"

Tulitaniana hivyo mpaka anastaafu. Lakini neno nisipolijua siku ya pili, utani ulikwisha, alinipokonya bandeji.

Neno la kwanza lililonitoa jasho nililikosea mbele za watu. Sista akitaka kitanda kitandikwe upya kwa ajili ya mgonjwa mgeni, alisema "make up the bed". Hiyo niliijua mapema, maana ndiyo iliyonilisha. Sasa siku moja daktari kijana kutoka Ulaya, mrefu, masikio mekundu kwa jua, amesimama kwa bibi mmoja aliyekuwa na kidonda, anamwambia kwa sauti ya kuchoka: "You must make up your mind." Mimi nikasikia "make up" nikaenda mbio stoo. Nikarudi na shuka mbili na foronya, nikaanza kumsogeza yule bibi nitandike, huku daktari bado anaongea. Bibi ananiuliza, "Amesema nihame?" Namjibu, "Ndiyo mayu, mama yangu, inuka kidogo." Sista Koku alikuwa amesimama pale na mdomo ameufunika kwa karatasi za raundi. Mabega ndiyo yaliyomsaliti.

Barazani akaniambia: "Pale hapakuwa na shuka. Alikuwa anamwambia akate shauri."

"Sasa kukata shauri na kutandika wapi na wapi?"

"Waulize Waingereza. Mimi nilikuta hivyo hivyo."

Mengine niliyashika kwa kuyatazama yanavyofanya kazi. "Consider": daktari akisema hivyo kwa wenzake, bado hajui, usiende kumwambia mgonjwa kitu. "Go ahead": nenda kawashe jiko la kuchemshia vyombo. "On second thoughts": lizime. "Wait and see" wagonjwa hawakuipenda hata kidogo. Sista alinikataza kuwaambia "tungoje tuone", maana mtu alitoka kwao kwa mtumbwi akaja kuambiwa angoje, na kungoja hata kwao kupo. Tuliwaambia, "Daktari anataka kukujua vizuri kwanza." Hapo walitulia.

Na "options". Hiyo ni njia, njia zaidi ya moja. Daktari anasema una njia mbili. Enzi zile, daktari akitaja njia mbili, moja aliitamka kama mtu anayesoma bei ya dukani, na ya pili akainama kidogo kuelekea kitandani. Hiyo aliyoinamia ndiyo aliyokuwa anaitaka. Mimi niliwatafsiria wagonjwa zote mbili, na niliiinamia ileile. Hakuna aliyenifundisha hilo. Ni kukaa na watu.

Sasa niwape kisa cha Nkwimba, maana ndicho kilichobadilisha kazi ya wodi yetu.

Nkwimba alikuwa mwanamke wa upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, ameolewa, tumbo lina uvimbe. Alikuja peke yake kwa kivuko. Yule yule daktari wa masikio mekundu alimpima akaona uvimbe utolewe upesi. Akaeleza vizuri tu, nikatafsiri vizuri tu. Mwisho akauliza: "Have you decided?" Nikamuuliza Nkwimba kama ameamua. Akainamisha kichwa, akapiga goti pale pale juu ya kitanda, akasema, "Ndiyo, daktari." Akaweka na dole gumba lake kwenye karatasi. Daktari akafurahi. Sista Koku siku hiyo hakuwepo, alikuwa na msiba.

Asubuhi ya kupasuliwa nafika na maji ya kumwogesha, kitanda kitupu. Shuka imekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Juu ya shuka, gauni la hospitali. Nkwimba hayupo.

Daktari alipandisha sauti wodi nzima ikaamka. Kwamba alikubali! Kwamba yeye mwenyewe alimsikia! Alinitazama kama nilimdanganya. Sista Koku alikuwa amerudi, akasimama mbele yake, kichwa chake kinamfikia kifuani, akamwambia kwa Kiingereza, baadaye akayarudia kwangu kwa Kiswahili: "Nimemwambia hakukubali. Aliitikia. Mwanamke wa huku akiulizwa na mkubwa, anaitikia. Ni adabu. Hata ungemuuliza kama yeye ni kiboko wa ziwani angekwambia ndiyo, daktari."

Ni kweli. Ndivyo tulivyolelewa. "Ndiyo" ya kwanza ni salamu. Aliyeposwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wakaliwa, mwili wake si wa kuupeleka kwenye kisu bila watu wake kukaa. Siyo kwamba Nkwimba aliogopa. Alikwenda kuwafuata.

Akarudi nao. Nakumbuka nilikuwa naanika mashuka uani nikawaona wanapanda kutoka kwenye kivuko, msafara: mume, kaka mkubwa wa mume, shangazi mmoja mzee aliyekonda na kuku kwapani, na wengine sikuwajua. Nkwimba yuko nyuma yao, tumbo mbele. Wakakaa kwenye majani mbele ya wodi. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, nikawapa maji. Wakaanza kuongea habari za mahindi. Wakaongea habari za ndama aliyezaliwa kilema. Mchana ukapita. Daktari anatoka anachungulia, anarudi ndani, anatoka tena.

"What are they waiting for?" akamuuliza Sista.

"Hawangoji," Sista akasema. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Jua lilipoanza kulala ndipo walipofika kwenye tumbo. Kaka wa mume hakutaka kisu, alitaka wajaribu dawa kwanza. Mume alikuwa anatazama viatu vyake. Wakabishana hasa, hadi watu wa wodi nyingine wakatoka kusikiliza. Kisha yule shangazi mzee akasimama, akampa mtu kuku amshikie, akasema neno moja:

"Mpasueni."

Kaka akataka kusema. Shangazi akamgeukia. "Nimesema mimi. Akifa, mtasema ni mimi. Haya, nani mwingine anataka neno hili alibebe?" Hakuna aliyelitaka.

Daktari wa watu akauliza tena, "But what does she say?" Nikatafsiri, eti mwenyewe Nkwimba anasemaje. Shangazi akacheka mpaka meno yake mawili yakaonekana.

"Mayu, mwambie mtoto huyu wa watu: nyumba ikiwaka moto, nani anaiuliza nyumba ianze kuzimwa wapi?"

Nkwimba naye alikuwa anacheka, ameshika tumbo. Akaniuliza, "Nitakula lini?" Nikajua imekwisha. Alipasuliwa kesho yake akapona, na kuku tulimla sisi.

Baada ya hapo Sista Koku alitupa utaratibu. Daktari akiuliza "have you decided?", sisi wahudumu tusiulize "umeamua?" Tuulize, "Tumngoje nani?" Mgonjwa akasema, mume wangu, au mama mkwe, au kaka yangu yuko Geita. Basi daktari anaambiwa: bado watu hawajafika. Hata yule wa masikio mekundu alizoea. Kabla hajaondoka kurudi kwao alikuwa anatuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kilichovunjika mguu: "Tunangoja nani leo?"

Wako waliojibu, "Hakuna." Wajane, waliofukuzwa, wasichana waliokuja mjini kufanya kazi za ndani na kwao hawajulikani. Mgonjwa akisema hakuna, Sista alivuta kigoda akakaa. Hakuwa na muda, lakini alikaa. Akiniona napita ananiita, "Msukuma, kaa." Naweka fagio, nakaa. Tunaongea habari za mahindi. Tunaongea za ndama ambaye hatuna. Halafu tunafika kwenye ugonjwa, na Sista anasema anavyoona yeye, kwa mdomo wake, kama ndugu. Nami nasema ninavyoona. Mara nyingine tulipingana mbele ya mgonjwa, na mgonjwa ndiye akatupatanisha. Kazi hii haikuandikwa popote, na siku hizi sijui kama ingeruhusiwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi ukoo una akili kuliko mtu. Kulikuwa na binti, Minza, mguu umevunjika vibaya, na mjomba wake alitaka kumtoa hospitali ampeleke kwa mtu wa kufunga mifupa huko kwao. Kila binti akifungua mdomo, mjomba anajibu yeye. Sista akamwambia mjomba, kwa heshima zote, "Baba, chai yako iko jikoni, ya maziwa, itapoa." Mjomba akaenda kuifuata. Chai haikuwepo, ilibidi nikimbie kuipika. Huku nyuma Sista akamuuliza binti, naye akasema, "Nimeamua kubaki." Mjomba aliporudi, binti akarudia maneno yaleyale, amemshika Sista mkono. Basi, hapo "decide" ni neno zuri. Nalipenda likikaa kwa mtu aliyeshikwa mkono.

Ila nimeona pia kwamba neno hilo mtu anaweza kuachiwa kama mzigo stendi, wenzake wakapanda gari wakaondoka.

Siku hizi mambo ni mengine. Madaktari ni watoto wetu wenyewe, wanaanza na shikamoo, wanaeleza kwa Kiswahili kizuri, hawahitaji mtu wa fagio katikati. Hilo ni jema na sitaki turudi nyuma. Kiingereza kimebaki vipande vipande ndani ya Kiswahili, kama mawe kwenye mchele. Sista Koku alikwenda kupumzika kwao Muleba, na huko ndiko amezikwa, kwenye migomba. Wahudumu wenzangu wa enzi zile, nikiwahesabu sasa, nahesabu makaburi. Hakuna mtu Mkuyuni nzima ninayeweza kumwambia "mabega ndiyo yaliyomsaliti" akajua namsema nani.

Nami nina sukari. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kidogo, nilidhani ni kiatu. Kimekataa kufunga. Nikaenda kliniki, Pendo akinishika kushuka mawe. Daktari kijana, mpole, alinitazama mguu kwa muda mrefu, akavuta kiti.

"Bibi, una options mbili. Ya kwanza, tukate mguu chini ya goti sasa, kabla sumu haijapanda. Ya pili, tuendelee kukisafisha na dawa, mguu unaweza kupona, lakini ikipanda tutakata juu zaidi, na hapo hali yako itakuwa ngumu."

Nikamtazama kuona atainama wapi. Hakuinama. Alikaa wima katikati, mikono magotini. Nadhani wanafundishwa hivyo sasa, wasimsukume mtu. Nikamuuliza, "Wewe ungekuwa na bibi yako?" Akatabasamu, akasema, "Bibi, siwezi kukuamulia. It's up to you. Ni juu yako kabisa." Akanipa wiki nifikirie. Hakukosea kitu. Ila nilitoka mle nikiwa mtu mpweke kuliko nilivyoingia.

Ninyi mnaoishi mitaa tambarare hamjui mguu ni nini Mkuyuni. Kufika kwangu unapanda mawe. Nyumba hii mume wangu aliijenga akibeba tofali begani, moja moja, maana hakuna gari linalofika. Nikikatwa, sipandi tena. Nitakwenda kukaa kwa watu, chini. Nisipokatwa, huenda nikashushwa hapa nimebebwa, nisirudi.

Nikawapigia wanangu. Nina mapacha, Kulwa aliye Dar es Salaam, ndiye baba yake Pendo, na Doto aliye Geita.

Kulwa akasema, "Mama, wewe ndiye mwenye mguu. Amua unachoona ni sawa, sisi tuko nyuma yako."

"Nyuma wapi? Mimi niko Mkuyuni, wewe uko Dar."

"Namaanisha tutakuunga mkono, mama."

"Kulwa, nikatwe nisikatwe?"

Nikasikia watu wa ofisini kwake wanaongea. "Mama, siwezi kukulazimisha."

Doto naye akanijibu kwa Kiingereza kabisa, eti "It's your decision, mama, we respect it," kisha akatuma picha za mikono inayoomba kwenye kundi la familia. Pendo akanionyesha. Mikono mingi, ya rangi ya manjano. Walikuwa wananiheshimu. Niliwasomesha mwenyewe hao, nikawaambia wasiwe watu wa kuwaburuta wengine, wakanisikia. Simlaumu mtu.

Nikamgeukia Pendo. "Na wewe unaonaje?"

"Bibi, mimi ni nani nikuamulie?"

"Sijasema uniamulie. Unaonaje?"

Machozi yakamjaa. "Nikisema ukatwe halafu ukafa, nitaishi vipi? Nikisema usikatwe halafu ukafa?"

Basi hapo nilielewa jambo ambalo miaka yote wodini sikulielewa vizuri. Nilidhani yule shangazi wa Nkwimba alikuwa na akili kutuzidi, au jeuri. Hakuwa na akili zaidi. Hata yeye hakujua uvimbe una nini ndani. Alikubali tu kwamba likiharibika, litamwangukia yeye, na atazeeka nalo. Ndiyo maana Nkwimba aliweza kucheka. Mzigo ulikuwa umehama kutoka tumboni mwake ukaenda kwenye majani pale, ukagawanywa, na kipande kikubwa akakichukua mwanamke mwenye meno mawili. Na mimi hapa nimeachiwa wangu wote, kwa upole na kwa heshima, kwa Kiingereza na Kiswahili.

Nimelala na huo mzigo siku kadhaa. Asubuhi Pendo akishuka, nakaa mlangoni na mguu juu ya kigoda, natazama mapaa ya mabati mpaka ziwani, najaribu kukata shauri. Najiambia nikatwe. Redio ya jirani ikianza mahubiri, najiambia nisikatwe. Nilijikuta najiuliza yule daktari kijana ana watoto wangapi. Nikacheka peke yangu, na kucheka peke yako ndani ya nyumba si kitu kizuri kukisikia.

Kwa hiyo ninyi mnaokariri, karirini. "Decide, consider, hesitate, options, make up your mind." Yatawafaa kwenye mtihani na kazini. Hii "up to you" ichukueni kwa tahadhari. Ukimwambia mwenzako kwamba jambo ni juu yake, vuta kigoda kwanza. Kama huna muda wa kukaa, usimwambie.

Jana sikungoja tena. Pendo alipopanda kutoka chuo nilimwambia asivue hata viatu, awapigie baba yake na baba yake mdogo wote wawili kwa pamoja, aweke sauti kubwa. Wakapokea. Shikamoo mama, shikamoo mama. Nikaitikia marahaba, nikawaambia hivi:

"Nisikilizeni, maana sirudii. Jumamosi mtakuwa hapa. Kulwa, utaomba ruhusa kazini. Doto, utampokea mama yenu mdogo kutoka Magu, atashukia stendi ya Buzuruga, naye hawezi kupanda mawe haraka, mtamshika. Msiniletee zawadi. Simu zenu zote zitaingia kwenye sufuria jikoni na kifuniko juu. Mtakaa chini kwenye mkeka, kwanza mtaniambia habari za huko mnakoishi, sina haraka, halafu mtabishana mbele yangu mpaka jambo liishe. Kila mmoja atasema mguu ukatwe au usikatwe, kwa mdomo wake, ananitazama machoni. Mimi nitasema wa mwisho. Hakuna atakayeinuka kwenda kula kabla hajasema lake. Na wewe Pendo, uliyeshika simu, acha kulia. Utasema wa kwanza."